Gunia la Zilpah

Jumatatu, 11 Machi 2024

Mvua ya kwanza leo. Imetukuta saa tano asubuhi, omena za watu wote, hawa dagaa wa ziwani, ziko chini juani, na mimi niko na sabuni kwenye nywele. Nimetoka hivyo hivyo mbio. Damaris alipoona kichwa changu alicheka mpaka akaangusha beseni.

Hapa kisiwani Takawiri wingu likitokea upande wa kisiwa cha Mfangano, mambo ya changu na chako yanasimama kwanza. Aliye karibu anakusanya za wote. Unajaza gunia, unakokota hadi kwenye banda la kikundi, na banda likijaa unaingiza kwenye nyumba yoyote iliyo jirani. Mvua ikiisha kila mtu anakuja kuchukua zake. Hatuhesabu. Miaka kumi na sita nimeolewa hapa, na saba ya hiyo nimekuwa mjane, sijaona mwanamke akihesabu magunia ya mwenzake wala yake.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Dholuo hata bila miwani, na mambo yangu mengine hayamhusu. Kiswahili nilikuja nacho kutoka Migori mjini nilikozaliwa. Hapa naongea nacho na Damaris tu, mke wa Nicholas. Yeye pia ni wa Migori, lakini upande wa Wakuria, kule Kehancha. Ana miaka mitatu kisiwani na Dholuo yake bado inachechemea. Jioni anakuja kwangu tunakunywa chai na kuwasengenya watu kwa lugha wasiyoijua vizuri. Raha tupu.

Alhamisi, 14 Machi

Jua. Nimeanika, nimegeuza, nimepakia. Mgongo!

Jumatano, 20 Machi

Nilikuwa Mbita kwa dada yangu tangu juzi. Leo nimeshuka boti nikamkuta mchuuzi yuko tayari kuondoka, hata chai sijanywa, nimewaambia vijana watoe magunia stoo wapakie haraka. Saa sita ndipo nimesikia habari.

Gunia la Zilpah limepotea.

Zilpah ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake, na si mtu wa kuchezewa. Jana mvua ilinyesha mchana, watu wote wako kwenye mazishi upande wa pili wa kisiwa. Aliyebaki bichi ni Damaris peke yake. Peke yake akakusanya omena za wanawake kumi na wanne! Leo asubuhi kila mtu kapata zake isipokuwa Zilpah. Gunia kubwa, kavu, lilikuwa limeshafungwa tayari kuuzwa. Halipo.

Yawa! Hapa? Gunia haliendi kuogelea.

Ijumaa, 22 Machi

Kikao. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi, kwa hiyo niliketi mbele na kalamu, na pia nilikuwa mkalimani, maana Zilpah alikuwa anauliza kwa Dholuo nzito ya hasira.

"Mwambie aeleze aliweka wapi," Zilpah akasema.

Nikamwambia. Damaris akajibu kwa sauti ya chini, "Nilijaza banda. Likajaa. Yaliyobaki nikaweka penye nafasi."

"Penye nafasi ni wapi?"

Damaris akanitazama mimi. Si Zilpah, mimi. Akanitazama kitambo kizuri, halafu akainamisha kichwa, hakusema tena neno. Wanawake wakaguna. Nami nikaandika: *Alipoulizwa mara ya pili alinyamaza.* Mtu asiye na hatia si husema? Roho iliniuma, jameni, chai yote ile tuliyokunywa.

Ikabidi tutoe suluhisho na nikatoa mimi. Nilisema kila mtu ashone uzi wa rangi yake kwenye magunia yake, na kuanzia leo mvua ikija mtu aguse zake tu. Ya mwenzako usiguse, basi hutaulizwa. Wakapiga makofi. Levis, mwenyekiti wa kamati ya bichi, akasema hilo ndilo wazo la mtu aliyesoma. Nimerudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Jumatatu, 25 Machi

Mwezi mkubwa, taa hazivuti omena, boti hazitoki. Tumekaa tukishona alama. Uzi wangu ni mwekundu. Damaris hakupewa uzi na mtu, akashona na ule mweusi wa kusukia nywele. Hajaja kunywa chai tangu kikao. Nami sijamwita.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimeona kitu sijui nikiandikeje.

Mvua imekuja saa nane kwa fujo. Kila mtu mbio kwa zake, kimya, hakuna wa kumwita mwenzake. Mimi nilimaliza mapema kwa sababu zangu zilikuwa chache. Tukajipanga chini ya mabati ya banda, wanawake tisa wazima, tumefunga leso vizuri, tukitazama. Damaris alikuwa bado anakusanya. Pauline naye, ana mtoto wa miezi minne mgongoni, ndiyo kwanza amejaza beseni la kwanza. Maji yalikuwa yanapita juu ya omena yakizirudisha ziwani.

Hakuna aliyetoka. Nilikuwa na mikono miwili mizima na nilisimama nayo pale. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ukigusa halafu zikipungua?" Tukaitikia wote, kweli, kweli, zikipungua je.

Mtoto wa Pauline alikuwa analia ndani ya mvua ile, na sisi tunaitikia.

Jumatatu, 8 Aprili

Omena za Pauline zimeingia funza. Kauza kama chakula cha kuku.

Ijumaa, 12 Aprili

Sasa hii ni nini? Nimekaa hapa miaka yote hii mlango wangu unafungwa na kijiti tu, mbuzi asiingie. Wiki hii peke yake: beseni la Zilpah limeondoka, ndoo ya mama wa jirani imeondoka, na jana wavu wangu wa kuanikia, ule wa marehemu mume wangu, mtu kaukunja akaenda nao mchana kweupe. Mwenye duka ameleta kufuli kutoka Mbita zimeisha kabla ya saa sita. Nimenunua mbili.

Wote wanasema Damaris. Beseni ni Damaris, ndoo ni Damaris. Hata mimi nimesema. Lakini ndoo ilipotea Jumatano, na Jumatano nilimwona Damaris mwenyewe akipanda boti ya Mbita kumpeleka mtoto kliniki, akarudi jioni. Nimelikumbuka hilo tayari nimeshasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Haki ya Mungu naandika hii.

Asubuhi nilifungua gunia langu nikakuta limepunguzwa. Si sana, gorogoro mbili hivi, ile mikebe ya kupimia, lakini uzi wangu mwekundu umefunguliwa na kufungwa upya kwa fundo ambalo si langu. Hasira ilinipanda nikashindwa hata kutukana. Nikashuka bichi. Saa ya chakula, watu wameingia majumbani. Omena za Pauline zilikuwa pale karibu na njia, zimekauka vizuri, za kwanza tangu zile zilizooza. Nikachota. Gorogoro moja, nikamwaga kwenye gunia langu. Nikachota ya pili.

Sikusitasita, hilo ndilo linanitisha. Nilikuwa nasema kwa sauti kabisa, "Na mimi wameniibia." Nikafunga gunia na fundo langu zuri. Halafu Pauline akatokea na mtoto akaniambia, "Asante, mama, kwa kunichungia." Alidhani nimesimama pale nikichunga.

Nikasema haya, karibu.

Mimi Lorine. Mtu wa kanisa, mwandishi wa kikundi, mimi ambaye mwezi uliopita niliandika *alinyamaza* kama hakimu. Mwezi mmoja tu! Kama mtu angeniambia Machi kwamba Aprili nitamwibia mwanamke mwenye mtoto mchanga ningempiga kofi.

Jumatano, 24 Aprili

Mwezi mkubwa tena. Hakuna kazi. Hakuna anayemtembelea mtu.

Alhamisi, 2 Mei

Ziwa limepanda limemeza nusu ya mahali pa kuanikia. Tunabanana na hatuongei.

Jumatano, 8 Mei

Wamemkamata Damaris. Safari hii si maneno, wamemkamata na kitu.

Turubai la Zilpah, lile la bluu, limekutwa jikoni kwake limekunjwa nyuma ya kuni. Kelele zikaanza, watu wakatoka kila upande, mimi pia nikakimbia. Nicholas mumewe amesimama kando anatazama miguu yake. Zilpah ameshika turubai juu kama bendera. Nilikuwa nangoja Damaris aseme aliokota, au aliletewa, chochote. Moyoni nilikuwa namwomba adanganye.

Akasema kwa Kiswahili, wazi, kila mtu asikie, "Ndiyo, nimechukua. Wiki saba mnaniita mwizi. Watoto wenu wanamkimbia mtoto wangu kisimani. Mvua ikinyesha mnanitazama. Nikaona kama jina ni langu, basi na turubai liwe langu, angalau omena zisinyeshewe."

Mtu akamrushia tope. Levis akawazuia, akasema kamati itakaa tarehe kumi na saba, na wakimwona ana hatia atanyang'anywa mahali pake pa kuanikia, na chifu ataandikiwa barua asipokelewe kwenye bichi nyingine yoyote. Bila bichi Damaris atakula nini? Nicholas ni wa kuajiriwa tu kwenye boti ya mtu.

Nimerudi nyumbani. Kwa hiyo ni kweli. Rafiki yangu ni mwizi. Halafu nikajiuliza, mwizi kama mimi au kuliko mimi?

Jumapili, 12 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu.

Leo baada ya kanisa nilikuwa namkanda mama mkwe magoti. Yeye hashuki bichi siku hizi, na mambo ya ugomvi tunamficha kwa ajili ya presha. Lakini watoto wamemwambia habari ya turubai. Akaguna akasema, "Huyu binti wa Wakuria maskini, na vile alivyo na bidii. Siku ile ya mazishi mvua ilimpiga, akaleta gunia la Zilpah hapa mgongoni akihema. Akaniambia banda limejaa, Zilpah atalifuata. Alilifuata lini? Nadhani nilikuwa nimelala."

Mikono yangu iliganda kwenye goti lake.

"Mama, aliliweka wapi?"

"Stoo. Pamoja na ya kwako."

Pamoja na yangu. Na mimi kesho yake nikashuka boti, nikapiga kelele vijana watoe magunia stoo, hata ndani sikuingia. Mchuuzi akataja magunia manne. Nilijua nina matatu! Nakumbuka kabisa nilishangaa kidogo, nikasema, Lorine, siku hizi unafanya kazi mpaka unajisahau. Nikapokea pesa, nikaondoka.

Gunia la Zilpah nimeuza mimi. Mwizi tuliyemtafuta miezi miwili ndiye aliyekuwa anaandika kikao.

Mama mkwe ananiuliza mbona nimeacha kukanda.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda kwa Damaris alfajiri, hata hodi sikupiga vizuri. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakushtuka. Hapo ndipo mimi nikashtuka mara ya pili.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kikao. Zilpah aliposema gunia halipo nilifikiri tu, ah, liko kwa Lorine, atasema sasa hivi. Nikakutazama. Ukawa unaandika."

"Damaris! Mbona hukusema? Miezi miwili!"

Aliendelea kupepeta. "Ningesema liko kwako, wewe ungesema nini? Ulishauza bila kujua. Ungeapa hujaliona, na ungekuwa unaapa kweli. Wangekuamini wewe. Halafu ningebaki sina hata mtu wa kunywa naye chai."

"Lakini hata hivyo sikukuita chai."

"Hukuniita," akasema. "Nilingoja."

Nililia pale jikoni kwake kama mtoto. Yeye hakulia. Nikamwambia Ijumaa nitasimama mbele ya kamati niseme. Akasema, "Sema. Lakini usisahau kula asubuhi, wewe ukiwa na njaa unapiga watu kelele." Tukacheka kidogo, kwa aibu.

Ijumaa, 17 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokwenda, maana mimi mwenyewe siamini.

Kamati ya watu saba iliketi bandani na nusu ya kisiwa imejaa nje. Damaris mbele kwenye kigoda. Levis hajamaliza kufungua kikao nikasimama. Nikasema kwa Dholuo, polepole, ili hata viziwi waelewe: gunia la Zilpah lililetwa nyumbani kwangu, nikaliuza kama langu bila kujua, Damaris hana kosa, ni mimi. Nikasema nitalilipa kwa gunia kama lile. Sikuishia hapo. Nikasema Aprili nilichota omena za Pauline, gorogoro mbili, nikijua kabisa ninachofanya. Nikaketi.

Zilpah akatabasamu. Zilpah!

"Nyar Migori," akasema, yaani binti wa Migori, "tunajua Damaris ni rafiki yako. Una moyo mzuri. Lakini usijipake matope kwa sababu ya mtu."

Nikaruka. "Sijipaki! Muulizeni mama mkwe!"

"Mama ni mzee, siku zinamchanganya," akasema Levis kwa upole, kama anaongea na mgonjwa.

Nikamgeukia Pauline. Nikamwambia, "Wewe ulinikuta. Ulinikuta nimesimama kwenye omena zako!"

Pauline akasema, "Ulikuwa unanichungia, mama. Siku ile ni wewe tu uliyenichungia." Na machozi yakamtoka kwa shukrani. Watu wakaguna kwa huruma. Mama mmoja nje akasema wanawake kama Lorine wamebaki wachache.

Nilipiga kelele. Niliapa kwa jina la marehemu mume wangu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonitazama kwa mapenzi. Damaris kwenye kigoda chake alikuwa ameziba mdomo na leso, na kwa muda nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanatikisika. Alicheka mpaka Levis akamkemea. Wakaandika hata kicheko hicho kama ushahidi.

Uamuzi: turubai alilichukua, amekiri, basi na gunia ni yeye, na beseni, na ndoo, na kila kitu. Mahali pake pa kuanikia anyang'anywe. Apewe nani? Apewe Lorine, akasema Zilpah, na ufunguo wa banda akae nao yeye, tumeona uaminifu wake. Wakapiga makofi! Ufunguo uko hapa mezani ninapoandika. Nimejaribu kuutupa mara mbili na mama mkwe ameuokota.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi Zilpah amekuja na karatasi safi na bahasha. "Wewe ndiye mwandishi. Mwandikie chifu kwa Kiswahili kizuri, cha ofisini. Jina la mwizi uliandike kwa herufi kubwa. Boti inaondoka saa saba."

Nilimtazama nikataka kukataa. Nikawaza, nikikataa watampa mtu mwingine, na mwingine ataandika wanachotaka. Nikachukua kalamu.

Nimeandika hivi: *Sisi kamati ya bichi tunakujulisha kwamba mtu aliyeuza gunia la Zilpah mwezi wa Machi si Damaris, ambaye alilaumiwa bure mpaka akachukua turubai. Aliyeliuza ni LORINE, mwandishi wa kikundi cha wanawake. Lorine huyo huyo ameiba gorogoro mbili za omena za Pauline, akijua. Tunaomba umwite yeye.* Mwandiko wangu mzuri, ule wa kuandikia kadi za harusi.

Nikaipeleka bandani. Nikawawekea mezani imefunguka, maandishi yakiwatazama. Nikasema, "Someni kwanza." Nilisema, na Mungu anajua nilisema. Levis akatazama wingu, akasema, "Wewe ukiandika nani asome tena?" Akatia sahihi. Wa pili akatia sahihi. Nilikuwa natazama vidole vyao vikipita juu ya jina langu, kimoja baada ya kingine, watu ninaowajua, waliochimba kaburi la mume wangu kwa mikono yao, na hakuna aliyeinamisha macho. Niliwapenda nikawaogopa. Zilpah alikuwa wa mwisho. Akabonyeza muhuri wa kikundi kwa nguvu, akaupulizia ukauke, akakunja mwenyewe.

"Nyar Migori," akasema, "bila wewe tungefanya nini?"

Barua imeondoka na boti ya saa saba. Nimemwambia Damaris. Safari hii hakucheka. Ameweka maji ya chai.

Alhamisi, 23 Mei

Chifu amepiga simu asubuhi. Akauliza kama anaongea na Lorine, yule wa herufi kubwa. Nikamwambia ndiye mimi.